Pleti ya Mshazari

Kila Jumatatu asubuhi, kabla hata ya chai, tunasimamishwa mbele ya ukuta tukariri historia ya kampuni. Wauzaji, makarani, mafundi wa karakana, wafagizi, sote tunapangwa mistari miwili ukumbini hapa Randburg, na meneja anapita mbele yetu na kijiti akituonyesha picha moja moja. Mimi ni mwanamke wa Tanga niliyekwisha kuozesha binti. Historia ya babu yangu mzaa baba siijui kwa mpangilio, lakini ya kiwanda cha malori cha serikali ya China naijua kiasi kwamba nikiwa na homa naweza kukutolea yote bila kukosea. Naijua na naichukia, na sioni haya kuyasema yote mawili.

Inaanza na karakana ya kukarabati magari mabovu ya jeshi. Sakafu ya udongo, paa linavuja. Serikali ikatoa amri kwamba nchi iwe na lori lake yenyewe. Mashine za kukunja bati hazikuwepo, basi wafanyakazi wakatafuta magogo na nyundo za mbao wakagonga madigadi kwa mikono, moja baada ya jingine, wakilinganisha kwa macho na lori la kigeni walilolifungua vipande vipande na kulitandaza chini. Lilipowaka na kutoka getini, wakalifunga kitambaa chekundu na watu wakalia. Picha ya wagongaji hao ni kubwa kuliko mlango: wanaume wanne wenye fulana zilizotoboka, wamechuchumaa kwenye udongo, nyundo ziko juu. Chini yake imeandikwa kwa Kiingereza, Ari ya waanzilishi wetu. Hapo meneja hushusha sauti, nasi tunatakiwa kuinamisha vichwa kidogo. Nami huinamisha, maana wale wanaume sina neno nao.

Baada ya hapo hadithi inaanza kunenepa. Karakana ikawa kiwanda, kiwanda kikawa mji, na mji ukawa na shule yake, hospitali yake na nyumba za wafanyakazi. Wakanunua haki ya kuunda injini ya Wazungu. Kisha wakaingia ubia na kampuni za nje, wakajifunza kwao walichojifunza. Palikuwa na kipindi kiwanda kilikaribia kufa, malori yamejaa uwanjani hayana mnunuzi, lakini hapo wanapapitia mbio, sentensi moja tu, na serikali ikakiinua tena. Ukiwa mtoto wa serikali hufi. Kikameza viwanda vidogo vilivyokizunguka, kikaanza kuunda mabasi, pikapu, magari ya umeme, kikapakia meli baada ya meli. Na mwisho meneja hufika kwenye ramani kubwa yenye taa nyekundu, ananyoosha kijiti na kusema, "Ndipo tukafika Afrika."

Mume wangu alikuwa Afrika walipofika. Alikuwa Marshalltown, upande wa kusini wa jiji, kwenye yadi ya kukodi chini ya barabara ya juu, na mtambo wake wa kuchomelea na kreti la soda la kukalia.

Malori yao yalifika kabla ya vipuri, na kabla ya huo ukumbi wenye vigae. Wenye malori walikuwa watu wa safari za Lubumbashi, Lusaka na Dar, na walipakia mzigo kama watu wanaohama dunia. Miezi michache tu, chesisi, ule uti wa chuma unaobeba lori, inapasuka nyuma ya kibanda cha dereva. Ukienda kwa wakala unaambiwa usubiri, kifaa kinatoka China. Mwenye mzigo hasubiri. Akawa anakuja kwa mume wangu.

Wachomeleaji wengine waliupiga ule ufa mshono wa moja kwa moja, wakapachika juu yake bati la mraba. Lori lilifika mpakani likavunjika tena, palepale pembeni mwa mshono. Mume wangu alikaa na jambo hilo. Nakumbuka aliacha kula vizuri, anachora kwa kidole mezani kwenye unga wa chapati zangu. Hatimaye akapata njia yake. Kwanza anatoboa tundu dogo pale ufa unapoishia, ili usiendelee. Kisha anakata pleti ndefu ambayo ncha zake zimekwenda mshazari, si mraba, uzito wote usije ukasimama mahali pamoja. Na mshono anaupitisha kwa urefu wa chesisi tu, haukatizi kamwe. Kipimo cha pleti hiyo alikikata kwenye debe la mafuta ya kula, akakitundika msumarini. Lori alilolitia mkono yeye halikurudi kwa ugonjwa uleule.

Nao mawakala wakaanza kujiuliza mbona malori mabovu hayaji kwao. Ndipo injinia akaja. Alikuwa Mchina wa makamo, mpole, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Alikuja siku moja, akaja ya pili, akawa anakuja kila siku na daftari lake, anajilaza kwenye udongo pamoja na mume wangu bila kujali shati. Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha kuokoteza, lakini walielewana kwa vidole. Mchana nilikuwa natoka nyumbani Joubert Park na hotpoti, wali wa nazi na samaki, na injinia alikula mpaka ukoko. Mume wangu alimfundisha kuniita shemeji. "Shemeji, asante," anasema, na ulimi unamteleza, nasi tunacheka. Nilimpenda. Sitaandika uongo hapa kwa sababu tu nina hasira.

Siku ya kuaga alikishika kile kipimo cha bati, akakigeuza, akakisifu. Akakirudisha msumarini, kisha akakishusha akakisifu tena. Sasa, mume wangu kalelewa na baba ambaye mgeni akisifu kitu chake mara mbili alimpa. Alimpa mtu kanzu aliyoivaa, akarudi nyumbani na shuka. Basi mume wangu akakifunga kile kipimo kwenye gazeti akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili. Nilimkanyaga mguu asinielewe. Injinia aliinama, akatoa kamera, akamwomba alale tena chini ya lori. Mume wangu akalala, fulana yake ya kazi, tochi mdomoni, macho yanacheka. "Nitaipeleka kiwandani," injinia akasema, "wote waone. Na habari zako nitawaambia."

Tangu siku hiyo ikawa wimbo. "Picha yangu iko China." Aliwaambia watu msikitini, akamwambia mwenye yadi, akawaambia ndugu zake Tanga kwa simu. Alingoja kuitwa. Hakutaka zawadi, alitaka aambiwe kwamba yeye ni fundi wa malori yale, basi. Na mimi, miaka ilivyokwenda, nikaanza kumwonea uchungu kila alipolisema neno lile mbele za watu.

Nilipata kazi Randburg kwa mlango wa uani, kupiga deki. Kisha akaja mnunuzi wa Kikongo asiyejua Kiingereza, nikamsaidia, na toka hapo nikapandishwa mapokezi ili niwapokee wanunuzi wa Kiswahili. Mwezi uleule yakaingia malori ya toleo jipya. Nilikuwa nawapelekea mafundi chai, nikainama kuokota kijiko, nikaiona. Pleti ndefu kwenye chesisi, nyuma ya kibanda, ncha zake mshazari. Imetoka nayo kiwandani, imepigwa rangi, ina namba.

Nilimwambia mume wangu jioni hiyohiyo nikidhani atapasuka. Alifurahi.

"Umeona? Injinia hakunisahau."

"Kama hakukusahau, mbona hajakuita?"

"Kampuni kubwa ile, bibie. Mambo yao huenda polepole."

Lakini lililokuja pamoja na pleti halikuwa polepole. Ilikuja waranti. Nati zote zimetiwa alama ya rangi ya njano, na mwenye lori anatia saini kwamba mtu wa nje akigusa chesisi, kampuni haimjui tena. Wateja wa Marshalltown wakakatika mmoja mmoja. Waliokuwa wakimwita mjomba wakawa wanapita na malori yao juu ya barabara, yeye yuko chini anasikia ngurumo. Kila asubuhi alikwenda, akafagia yadi, akakaa kwenye kreti lake. Ugonjwa wa chesisi aliwatibia, nao wakamfukuza kwa dawa yake mwenyewe. Hapo ndipo chuki yangu ilipoanza, na haijapungua mpaka leo.

Mwaka huu kampuni ikajenga ukumbi mpya wa historia, pembeni ya ule wa maonyesho, kusherehekea kukua kwake. Mbao za picha zikatoka makao makuu zimefungwa kwa plastiki. Meneja, kijana wa hapahapa mwenye suti ya kubana, akanipa maneno ya Kiingereza niyageuze Kiswahili, kwa kuwa siku ya ufunguzi wangekuja wanunuzi wa Kongo, Tanzania, Kenya na Burundi, na mimi ndiye ningewasomea kwenye kipaza sauti. Niliyageuza nyumbani ukurasa kwa ukurasa. Waanzilishi, serikali, injini, ubia, Afrika. Ubunifu wetu kwa barabara za Afrika, ulisema ukurasa mmoja, na palikuwa na mchoro wa pleti. Niliuma meno nikaandika.

Ukurasa uliofuata ulihusu picha nisiyokuwa nimeiona. Gereji za vichochoroni, ulisema, ni hatari kwa gari lako na kwa maisha yako. Nikaugeuza bila kufikiri. Kesho yake wafanyakazi wakafungua mbao ili wazitundike, na plastiki ilipovuliwa nikamwona mume wangu. Amelala kwenye udongo, fulana ya kazi, tochi mdomoni, macho yanacheka. Walimtundika ukuta wa pili, mkabala na wale wanaume wanne wa nyundo, waliohamishiwa humo. Fulana zimetoboka huku na huku. Udongo ni uleule.

Nilikwenda kwa meneja.

"Ile picha ya gereji. Nani kaichagua?"

"Imetoka China, mama. Eish, mimi napokea tu. Kwani vipi?"

"Yule mtu namfahamu."

"Basi unajua walivyo hatari," akasema, akaendelea na simu yake.

Sikusema ni mume wangu. Nilijua mke wa gereji ya kichochoroni hawezi kukaa mapokezi. Hilo silisingizii kampuni. Hilo ni langu. Na injinia, sijui. Labda aliandika kila kitu sawasawa na mtu mwingine akafuta. Labda ni yeye. Sina moyo wa kumtetea.

Kadi ya mwaliko ilisema kila mfanyakazi aje na mwenzi wake. Niliificha ndani ya pipa la unga, akaiona, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa akipika siku hizo.

"Utachoka bure," nikamwambia. "Ni hotuba tu."

"Nataka kuiona hiyo historia."

"Picha tupu, baba. Za kwao."

"Na yangu iko China," akasema, akachukua pasi. Alipiga pasi shati jeupe mara mbili.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mkurugenzi wa Kichina akahutubia, mtu akamtafsiria kwa Kiingereza, utepe ukakatwa. Kisha wageni wakagawanywa kwa lugha, na kundi langu likanifuata ukutani, watu kama ishirini hivi, wengi wenye malori, na mume wangu nyuma yao na shati lake jeupe. Nilisoma waanzilishi. Nilisoma serikali na injini. Sauti yangu ilitoka vizuri, nikajisikia mwenyewe kwenye spika kama mtu wa redio, na kila picha niliyoimaliza ilinisogeza kwenye ile moja. Tulipogeuka ukuta wa pili nilikuwa na karatasi mkononi na maneno niliyoyaandika kwa mwandiko wangu. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameshajiona. Alikuwa ametabasamu kama kwenye picha.

Nikaikunja karatasi.

"Huyu," nikasema, "ni fundi kutoka Tanga, yadi yake iko Marshalltown. Malori haya yalipokuwa yakivunjika chesisi, huyu ndiye aliyeyaponya. Pleti mliyoiona kwenye mchoro ni ya kwake. Aliikata kwenye debe la mafuta, akampa mgeni kipimo bure. Na leo yuko hapa, yule pale, mwenye shati jeupe."

Watu wakageuka. Mzee mmoja wa Lubumbashi, mwenye malori mengi, akapasua kundi.

"Ni weye? Camions yangu yote ya zamani iko na ile mapleti! Minakutafuta tangu siku mingi, papa!" Akamshika mkono, akaushika kwa mikono yote miwili, na mwingine akaanza makofi, na wote wakapiga. Mkurugenzi akasikia makofi upande ule wa ukumbi, akajua kampuni inashangiliwa, naye akapiga. Meneja akaniinulia kidole gumba. Mume wangu alisimama ameweka kiganja kifuani, anaitikia kwa kichwa huku na huku. Nilitamani dakika ile iishe na nilitamani isiishe.

Tulitembea kuelekea kituo cha teksi. Pale kwenye robot ya mwisho, taa za barabarani, tukingoja kuvuka, akasema, "Umesoma vizuri."

"Ahsante."

"Yale maneno ya Kiingereza ya chini nimeyasoma pia. Niliyasoma mlipokuwa bado ukuta wa kwanza."

Taa ikawaka kijani, watu wakavuka, sisi tukabaki.

"Nilitaka kukwambia," nikasema. "Wallahi nilitaka."

"Miaka yote hii naenda nawaambia watu picha yangu iko China." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Kumbe iko kweli."

Akafungua kifungo cha juu cha shati na kukaa kwenye ukingo wa barabara, mtu mzima mwenye mvi, mbele za watu. Nikakaa naye. Waliokuwa na la kumwambia walikuwa ndani ya ukumbi wanakunywa juisi.

Jumatatu, baada ya kukariri, meneja akaniita. Amefurahi mno. Kundi la Kiswahili ndilo lililochangamka kuliko yote. Wanataka kuweka kifaa kwenye kila picha, mgeni abonyeze kitufe cha lugha yake asikie maelezo. "Rekodi kama ulivyosema siku ile," akaniambia. "Vilevile. Sharp?" Hakuna mtu pale anayejua Kiswahili isipokuwa mimi. Nikasema sawa.

Nilirudi nyumbani nimewaka. Nikamwambia mume wangu kwamba nitalisema jina lake, na la baba yake, na la mtaa wao Tanga, nitasema waliyomfanyia, kila atakayebonyeza asikie mpaka ukuta ule uoze. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Alikuwa anachambua mchele.

"Mimi nitoe," akasema.

"Nikutoe?"

"Usinitaje. Ukinitaja watasema fundi mwema, maskini, wataondoka. Watapewa waranti, wataendelea kungoja kifaa. Wewe sema pleti inakatwaje."

"Watakunyang'anya hata hicho kilichobaki."

"Wao wameshakichukua. Wanaokikosa ni wenzetu."

Tulibishana mezani mpaka mchele ukalowana bila kupikwa. Mimi nilitaka ugomvi, yeye alitaka vipimo. Mwishowe nikachukua kalamu, akanisomea, nikaandika, akanisahihisha, nikafuta. Neno lake la mwisho alinirudisha mara nne, mpaka likawa fupi la kutosha kushikwa na mtu aliyesimama.

Nimelirekodi kama lilivyo. Bado nafanya kazi Randburg, bado Jumatatu nainamisha kichwa mbele ya wanaume wanne wenye nyundo, na bado mume wangu amelala kwenye udongo ukuta wa pili, chini yake Kiingereza kilekile. Wiki iliyopita niliwaona madereva wawili wa Dar wamesimama mbele yake. Mmoja alibonyeza kitufe, akasikiliza, akambonyezea mwenzake. Yule wa pili akatoa kalamu, akaomba karatasi mapokezi kwangu, nikampa. Akarudi akabonyeza tena. Meneja alikuwa anapita na wageni, akawaonyesha kwa fahari jinsi watu wanavyoipenda historia ya kampuni, na nyuma yake sauti yangu ikaanza upya: Toboa kwanza tundu dogo pale ufa unapoishia. Pleti ikate mshazari, usiikate mraba. Mshono uende na urefu, usikatize. Hata wewe utaweza.